Gauni na Kaptula ya Mtoto kwa Kanga Moja: Mshono wa Msimu wa Joto

Oktoba ikiingia hapa Mtwara, mabibo yanaanza kudondoka na mtoto hakai na nguo mwilini. Umemvalisha asubuhi vizuri, saa nne keshaivua, kaitupa barazani, yuko na chupi chini ya mwembe. Kabla hujamgombeza, mpapase mgongo. Utakuta amelowa chapachapa, na shingoni harara zimekwisha kutoka.

Joto la pwani yetu, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani mpaka Lindi, lina tabia yake. Upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi haujaanza, hewa imesimama nayo imejaa unyevu wa bahari. Jasho linatoka lakini halikauki, na nguo inayombana mtoto inalifungia pale pale kwenye ngozi. Mimi somo hili nililipata kwa gharama. Idi moja nilimshonea binti yangu gauni la satini, ndani shumizi ya neti, mikono imetuna kama maandazi. Picha zilitoka nzuri sana. Adhuhuri mtoto analia, kiuno kimechubuka, na gauni lile mpaka leo liko kwenye sanduku. Tangu hapo, kuanzia Oktoba hadi mvua zinapokwisha, namshonea kanga.

Ninachoeleza hapa ni gauni la kamba mabegani, pana, lisilo na zipu wala kifungo, na kaptula ya lastiki ya kuvaa ndani yake ili mtoto apande miembe kwa raha. Vyote viwili vinatoka kwenye kanga moja, yaani nusu doti. Nusu ya pili jifungie mwenyewe, au mshonee mdogo wake. Vipimo nitakavyotaja ni vya mtoto wa miaka 4. Wa kwako mpime mwenyewe, maana watoto wa umri mmoja hawalingani hata kidogo.

Kanga ipi

Watu wengi wanakimbilia kanga mpya. Mimi nasema kama unayo ya zamani iliyofuliwa mara hamsini, isiyotoboka, hiyo ndiyo dhahabu. Imekwisha kulainika, imekwisha kuruka, rangi iliyokuwa ya kutoka imetoka. Hakikisha tu ni pamba. Siku hizi kuna kanga za nailoni zinazong'aa dukani. Ukizishika zinateleza vidoleni, na ukizikunja kwa nguvu ndani ya kiganja zinafunguka zenyewe bila alama. Pamba ukiiminya inabaki na makunyanzi. Ukiwa na shaka, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kama ni mpya, usiikate kabla hujaifua. Kanga ya dukani imejaa wanga, ndiyo maana inasimama kama bahasha. Iloweke usiku kucha kwenye maji matupu, asubuhi ifue kwa sabuni peke yake, usiichanganye na nguo nyeupe, ianike kivulini, kisha rudia tena mpaka maji yatoke masafi. Wapo wanaotia chumvi wakiamini inashika rangi. Chumvi iache jikoni. Kinachosaidia ni kuifua mpaka rangi ya ziada iishe. Kanga yangu moja nyekundu ilipungua kidole kizima kwa urefu baada ya kufuliwa mara mbili. Fikiria ningekuwa nimeshaikata.

Rangi nayo ina hesabu yake huku kwetu. Msimu wa joto ndio msimu wa mabibo, na maji ya bibo yakikauka kwenye pamba yanakuwa doa la kahawia ambalo hakuna sabuni ninayoijua iliyowahi kulishinda. Kanga nyeupe yenye maua machache ni nzuri kwa kwenda harusini. Kwa mtoto wa kushinda mikoroshoni chagua yenye mji, yaani uwanja wa katikati, uliojaa michoro, rangi za udongo, bluu iliyoiva, au nyekundu ya damu ya mzee. Doa litapotelea humo humo.

Na jina. Kanga bila jina si kanga, lakini soma kabla hujakata! Majina mengi yameandikwa kwa ajili ya wake wenza na majirani, na mtoto wa miaka minne hana ugomvi na mtu. Zaidi ya hapo kuna suala la wapi jina litaangukia. Gauni langu la kwanza nililikata vipande viwili sawasawa, kimoja mbele, kingine nyuma. Kanga ilikuwa imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Mtoto akija kwako ni MDHANIAYE NDIYE, akigeuka kuondoka ni KUMBE SIYE. Baraza zima lilicheka mwezi mzima. Kwa hiyo mkato nitakaoueleza hauigawi kanga vipande viwili: gauni ni kipande kimoja kinachomzunguka mtoto, jina linakaa lote mbele, na mshono ni mmoja tu, wa mgongoni.

Vifaa

Cherehani ya mguu au ya mkono, au mikono yako. Uzi unaofanana na rangi iliyotawala kwenye mji. Mkasi unaokata kitambaa tu. Huo wa kukatia bamia haufai. Tepu ya fundi, chaki (kipande cha sabuni kavu kinafanya kazi ile ile na hakiachi alama), pini, pini kubwa ya nepi, pasi, na lastiki yenye upana wa sentimeta 2, urefu wa nusu mita.

Sindano weka namba 11 au 14. Mafundi wengi wa barazani wameacha namba 16 kwenye cherehani kwa sababu wanashona jinzi na sare za shule, nayo inaacha vitundu kwenye kanga laini. Halafu angalia kutu. Hewa yetu ya chumvi inaila sindano hata ikiwa kwenye pakiti, na sindano yenye kutu inakwaruza uzi na kuchora mstari mweusi kwenye mshono. Mimi zangu nazichoma kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani, nakiviringa, nakiweka ndani ya kopo lenye mfuniko. Kabla ya kushona chochote, jaribu mshono kwenye kipande cha kutupa: uzi wa juu na wa chini vishikane katikati ya kitambaa, kimoja kisilale juu ya kingine kama kamba.

Kupima

Mpime akiwa na fulana nyepesi, amesimama wima, ikiwezekana ana kitu cha kutafuna. Andika kwa sentimeta:

Kifua, tepu ikipita chini ya makwapa: wangu ana 56.
Kiuno: 52.
Nyonga, pale penye unene zaidi: 58.
Bega mpaka katikati ya goti: 60.
Kiuno mpaka katikati ya paja, kwa ubavuni: 28.
Kiuno mpaka kwenye kiti, akiwa ameketi kwenye kigoda kigumu: 18. Hiki ndicho kina cha kaptula, na ndicho kipimo ambacho watu wanakisahau, kisha wanashangaa kaptula inamkata mtoto katikati.

Upana wa gauni ni kifua mara moja na robo tatu. 56 inakupa 98; mimi nakata 100. Urefu wa kukata ni ule ule wa bega mpaka goti, 60, bila kuongeza wala kupunguza. Kitambaa kitakachokunjwa juu kupitisha kamba ni sentimeta 4, na kamba zenyewe zinaliacha gauni likae kama sentimeta 4 chini ya bega, kwa hiyo vinafidiana. Na chini hutakunja kitu. Kanga ikitoka kiwandani pindo zake mbili ndefu zimefumwa kingo, hazifumuki. Zinazofumuka ni ncha mbili fupi, ndizo unazozipinda ukinunua doti mpya. Sisi pindo refu ndilo litakalokuwa chini ya gauni, limekwisha tayari. Ukikuta pana kitambaa cheupe pembezoni pasipopigwa rangi, kikunje mara moja kwa ndani na ushone mstari mmoja, basi.

Kukata

Tandaza mkeka sakafuni, piga kanga pasi, ilaze jina likikuelekea wewe. Kanga nyingi zina urefu wa sentimeta 150 na zaidi kidogo, upana kama 110. Tafuta katikati ya jina, si katikati ya kanga, kwa sababu viwandani jina huteleza upande, na weka alama ya chaki. Kutoka hapo pima sentimeta 50 kulia na 50 kushoto, na kutoka pindo la chini panda 60. Kipande hicho ndicho gauni lako. Kata.

Pindo la juu, lile lililo mbali nawe, ni la kaptula. Miguu miwili ya kaptula inakatwa ikiwa kichwa chini, ili pindo liwe chini ya mguu. Upana wa kila mguu ni nusu ya nyonga kuongeza 13: 29 na 13 ni 42. Urefu ni 28 kuongeza 4 za kupitishia lastiki, jumla 32. Kwa hiyo kata mistatili miwili ya 42 kwa 32, ubavu kwa ubavu, kutoka pindo la juu. Gauni limekula 60, kaptula 32, bado una ukanda wa akiba katikati.

Ncha mbili za kanga zimebaki, kila moja karibu sentimeta 25 kwa 110. Ya kulia ikate kamba mbili za upana wa sentimeta 6, urefu wote. Hapo pindo la upande litatokea kwenye kamba, linapendeza sana. Ya kushoto usiiguse, ni ya tepu za makwapa, yaani vipande vyembamba vya kufungia kingo za makwapa.

Makwapa sasa. Chukua kipande cha gauni, kikunje katikati ya jina, kingo mbili za upande zikutane. Kikunje tena, kingo hizo uzilete mpaka kwenye mkunjo wa jina. Sasa upande mmoja una mkunjo wa jina pamoja na kingo zilizo wazi, upande wa pili una mikunjo miwili tu. Kwapa linakatwa kwenye upande wa mikunjo miwili. Rudia sentensi hiyo kwa sauti kabla ya kushika mkasi, kwa sababu ukikosea upande utamtobolea mtoto kifua. Kutoka kwenye mkunjo, juu kabisa, ingia sentimeta 5. Shuka wima mpaka 9. Halafu pinda taratibu kama mwezi mchanga mpaka ukutane na mkunjo kwenye kina cha 14. Kata tabaka zote kwa pamoja. Ukikunjua utakuta mabonde mawili yenye upana wa sentimeta 10, yanayofanana kabisa.

Kwa kaptula, weka mguu mmoja mbele yako, pindo chini. Juu, pembeni kulia na kushoto, ingia sentimeta 4. Shuka wima, na unapokaribia kina cha 24 (18 za kiti, 4 za lastiki, 2 za kupumulia) pinda nje mpaka ukingoni. Upande mmoja wa mguu huu utakuwa mbele na mwingine nyuma. Upande wa mbele punguza sentimeta 2 kiunoni, ukikata kwa mteremko mpaka nyuma, ili kaptula isipande tumboni na isishuke makalioni. Kisha mguu huu wa kwanza ugeuze uso chini, uuweke juu ya wa pili uliotazama juu, ukate kwa kuufuata. Nilipokuwa najifunza nilikata miguu miwili yote ya kushoto. Nikaigeuza mmoja upande wa ndani nikidhani kanga haina upande; baada ya kufuliwa mara tatu mguu mmoja ukawa umefifia kuliko mwenzake, kama mtu aliyekanyaga matope.

Mshono wa mgongoni

Kama utaweka mfuko, ushone sasa kipande kikiwa bado kimelala. Mimi husahau kila mara.

Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke, hatuihitaji. Nyuzi zinazoning'inia ndani ya nguo ndizo zinazomkera mtoto mwenye harara, kwa hiyo mshono huu tunaufunika. Unganisha kingo mbili za mgongoni upande mzuri ukiwa nje, yaani kinyume na ulivyozoea. Shona nusu sentimeta kutoka ukingoni, juu mpaka chini, ukihakikisha pindo la kulia na la kushoto yanakutana mstari kwa mstari. Anza kupachika pini kutoka pindoni kwenda juu, kwa kuwa tofauti ndogo ikitokea juu itafichwa na kamba. Punguza nyuzi kwa mkasi. Geuza kitambaa upande wa ndani uwe nje, piga pasi mshono ukae ukingoni, shona tena karibu sentimeta moja kutoka hapo. Ukifungua, ncha zote mbichi zimefungwa ndani ya mshono. Nje unaona mstari mmoja, ndani kimfuko chembamba kisafi.

Tepu za makwapa

Hapa ndipo gauni linapoonekana la fundi au la kubahatisha, kwa hiyo usikimbie.

Bonde la kwapa ni mviringo. Ukilikunja tu kwa ndani na kushona, litavutika na kupinda kama sikio la mbuzi. Unahitaji tepu iliyokatwa mshazari. Chukua ile ncha ya kushoto ya kanga, ivute kwa mikono miwili ukifuata nyuzi za wima, kisha za mlalo: haivutiki sana. Sasa ivute kona kwa kona. Umeona inavyorefuka? Upande huo ndio mshazari, na kitambaa kilichokatwa hivyo kinazunguka kona bila kulalamika. Kunja kona ya kitambaa mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, piga pasi mkunjo huo, kisha chora mistari inayoufuata, kila mmoja sentimeta 3 kutoka mwenzake. Kwa upana wa 25 kila tepu itakupa urefu wa 35 hivi, inayotosha kwapa moja. Kata mbili. Kata na ya tatu ya akiba.

Tandaza tepu kwenye bonde, upande mzuri ukitazama upande mzuri, ukingo kwa ukingo. Piga bandi kwa mkono kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikiza. Kupiga bandi kunakula dakika tano, kufumua kunakula nusu saa. Unapofika chini ya mviringo, usiivute tepu na usiilegeze. Ilaze tu ifuate njia yake. Shona kwa cherehani, sentimeta 0.6 kutoka ukingoni, taratibu, ukisimama kila baada ya mishono michache kunyanyua mguu wa cherehani na kuzungusha kitambaa kidogo. Kisha chini ya mviringo kata vijinafasi vitano au sita kwa ncha ya mkasi, karibu na mshono lakini bila kuugusa. Hivyo ndivyo vinavyoruhusu kitambaa kigeuke. Geuza tepu yote ndani, piga pasi, kunja ukingo wake mbichi, shona mstari wa mwisho karibu na mkunjo huo. Ukipitisha kidole ndani ya kwapa kinapaswa kuteleza bila kukwama popote. Kikikwama, ngozi ya mtoto nayo itakwama.

Tahadhari ya pasi ya mkaa: pigia kitambaa cha kutupa kwanza. Chembe moja ya makaa kwenye kanga uliyokwisha kuikata inatia uchungu usioelezeka.

Juu na kamba

Sehemu ya juu ya mbele na ya nyuma, kunja sentimeta 1, piga pasi, kunja tena 3, shona chini ya mkunjo. Miisho ya tepu za makwapa itaingia humo na kujificha. Nyuma, pale penye mshono wa mgongoni, kitambaa ni kinene. Zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, usikanyage, usije ukavunja sindano.

Kamba: kunja kila ukingo uje katikati, kisha kunja kamba nzima katikati, ibaki sentimeta 1.5, shona. Choma pini ya nepi mwishoni mwa kamba, ipitishe mbele, na nyingine nyuma. Vuta marinda mpaka mbele na nyuma kila moja ibaki sentimeta 20 mpaka 22. Katikati ya mbele na ya nyuma, piga mshono mdogo wa wima unaoshika kamba na kitambaa pamoja. Usiporuka hatua hii, mtoto hataweza kuichomoa kamba na kukuletea mkononi.

Mvalishe, funga mabegani fundo la kipepeo kwa urefu unaofaa. Kisha nakuomba jambo moja: usiliache fundo hilo kufungwa na kufunguliwa kila siku na kamba ndefu zikining'inia karibu na shingo. Watoto wanapanda, wananasa kwenye matawi, wanavutana. Kata ncha zibaki fupi, kama urefu wa kidole, pinda miisho, halafu lishone fundo kwa mkono palepale lisifunguke. Gauni hili ni pana, linaingia kichwani bila kufungua kitu. Kabla ya kukata ncha, hata hivyo, acha kamba ya ziada kama sentimeta 6 ukiikunja ndani ya njia yake kila upande. Utanishukuru mwakani.

Kaptula

Hii ni kazi ya saa moja. Kila mguu ukunje, unganisha pale mapajani kwa mshono ule ule wa kufunika. Geuza mguu mmoja upande mzuri uwe nje, uingize ndani ya mwenzake ulio kinyume, nzuri itazame nzuri, mishono ya mapajani ikutane, mbele kwa mbele. Shona mviringo wote kutoka kiuno cha mbele mpaka kiuno cha nyuma, kisha upite tena juu ya mshono huo huo mara ya pili. Hapo ndipo mtoto anapochana kaptula zote za dunia. Kingo za mviringo huu zipige zigizaga kama cherehani yako inayo, au zipinde kwa mkono.

Kiuno kunja 1, kunja tena 3, shona ukiacha mlango wa vidole viwili nyuma. Lastiki kata pungufu ya kiuno kwa sentimeta 3, yaani 49 kwa mtoto wangu, ipitishe, zipandishe ncha zake mbili sentimeta 1 na ushone mraba. Mruhusu aruke na kuchuchumaa kabla hujafunga mlango. Lastiki ikiacha alama nyekundu tumboni, ilegeze. Mlango wenyewe ufunge kwa mkono, mishono mikubwa, kwa sababu jasho na jua vitaichosha lastiki kabla ya kitambaa, nawe utataka kuibadilisha bila kufumua kiuno kizima.

Huna cherehani? Yote haya yanashonwa kwa mkono. Sindano itoke mbele, irudi nyuma nusu ya mshono uliopita, itoke tena mbele. Mshono wa kurudi hauachii, na kwa gauni hili ni kazi ya jioni tatu au nne za kukaa barazani.

Mtoto wa kiume anapata kaptula ile ile, ila urefu pima mpaka juu ya goti na upana uongeze sentimeta 4 kila mguu, na mfuko mmoja mkubwa nyuma wa kuwekea korosho. Juu avae fulana ya pamba au abaki kifua wazi, joto lenyewe ndilo hili.

Baada ya siku ya kwanza

Mwangalie jioni akivua. Ukiona alama chini ya kwapa, bonde ni fupi: fumua tepu, shuka sentimeta 1, rudishia. Kama gauni linamwangukia begani upande mmoja, fundo halilingani, si gauni. Bibo likimwagikia, limwagie maji saa hiyo hiyo kabla halijakauka. Ukingoja mpaka kesho umechelewa.

Msimu ujao atakuwa amerefuka. Fumua fundo la begani, vuta zile sentimeta 6 ulizozikunja, shona tena, na gauni limeshuka mpaka lilipokuwa. Mwaka unaofuata litakuwa limepanda juu ya paja kabisa, na hapo binti yangu alilivaa kama blauzi juu ya kaptula iliyokatwa kwenye ile nusu ya pili ya doti, iliyokuwa imebaki kwangu. Kaptula ya zamani kashaichukua mdogo wake. Lastiki ndiyo nimebadilisha, mara mbili.